Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayeandamwa na madeni ya kubeti

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu. Umeniomba kiasi kitakachofuta madeni yote kwa mkupuo, ukaniapia kwamba hutabeti tena, na ninaamini kwamba ulipokuwa ukiandika kiapo hicho ulikiamini mwenyewe. Pesa hizo sitakupa. Nimeamua kukueleza sababu hadharani, bila kukutaja jina, kwa kuwa najua wako kaka na dada wengi wanaopokea ujumbe kama huo na wanalala wakijiuliza wajibu nini.

Mwaka juzi nililipa. Nilikutumia pesa mkononi, sikuuliza unadaiwa na nani, nikajiona nimemaliza kazi ya ukubwa. Ulilipa baadhi ya wadai, kisha kilichobaki ukakiweka kwenye mkeka, yaani tiketi moja ya kubeti mechi kadhaa ambazo zote lazima zitokee ulivyotabiri, ili kikomboe deni moja ambalo ulikuwa umeona haya kunitajia. Sikulaumu wewe peke yako. Madaktari wa akili wa Marekani, katika mwongozo wao wa utambuzi wa magonjwa uliotoka mwaka 2013, wameorodhesha dalili 9 za uraibu wa kamari, na mtu mwenye angalau 4 kati yake ndani ya miezi 12 huhesabiwa kuwa mgonjwa. Mojawapo ni kurudi kesho yake kufukuzia ulichopoteza leo. Nyingine ni kutegemea watu wengine wakupe pesa za kukunusuru na hali ambayo kamari imeileta. Nilipofika hapo niliacha kusoma kwa muda, maana nilijikuta nimo ndani ya orodha ya ugonjwa wako.

Deni la kamari lina tabia yake. Aliyekopa kwa biashara iliyoharibika huwaza kipato. Aliyekopa kwa kubeti huwaza mechi ya Jumamosi, kwa sababu kila deni machoni pake linaonekana kuwa mbali na malipo kwa ushindi mmoja tu. Naomba tufanye hesabu pamoja. Mkeka wa mechi 10, kila moja ikiwa na uwezekano wa nusu kwa nusu, hushinda mara 1 kati ya 1,024. Malipo ya haki, basi, yangekuwa mara 1,024 ya dau. Lakini kampuni ya kubeti haikupi odi, yaani namba ambayo dau lako huzidishwa nayo ukishinda, ya 2.00 kwa kila mechi. Tuseme inakupa 1.90. Tofauti hiyo ndogo ikijirudia katika mechi zote 10 inafanya malipo yako yawe takribani mara 613. Maana yake ni kwamba katika kila 100 unayoweka, kwa wastani 40 imekwisha kuondoka kabla mpira haujaanza. Wakati huohuo, mkopo wa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, usipolipwa na riba ikawa inazaa riba, hupita mara tatu ya ulichokopa ndani ya mwaka mmoja. Umesimama katikati ya mashine mbili, na zote mbili zinakula upande mmoja.

Kwa hiyo nitakusaidia, ila kwa namna nyingine, na ya kwanza ndiyo utakayoichukia: orodha. Andika kila unayemdai na kila anayekudai, kiasi, riba, tarehe, dhamana uliyoweka, na jina la aliyekudhamini kama yupo. Iandike kutoka kwenye taarifa za benki na za simu, usiiandike kutoka kichwani, kwa sababu kichwa cha mcheza kamari hukumbuka ushindi wa miaka mitatu iliyopita hadi dakika ya bao lakini husahau mkopo wa wiki iliyopita. Lile deni utakalolificha ndilo nitakalolihofia kuliko yote. Usiku mmoja litakunong'oneza kwamba lina uwezo wa kulipwa kimyakimya kwa mkeka mmoja, na hapo tutakuwa tumerudi tulikotoka.

Kabla ya kulipa hata senti, ombeni na mkeo kampuni zote ulizojisajili zikufungie akaunti kwa muda mrefu zaidi unaoruhusiwa, na mshahara uingie mahali ambapo hutautoa peke yako. Kulipa madeni huku mlango uko wazi ni kuchota maji kwa pakacha. Kisha tutatenga kodi ya nyumba, chakula na mahitaji ya watoto, halafu tutafuata madeni yanayoweza kukunyang'anya paa au chombo cha kazi, halafu yale yenye riba kali. Marafiki na ndugu watasubiri, lakini wasisubiri gizani. Wapigie na uwaambie lini. Kwa wakopeshaji, tutaomba wasimamishe riba na wakubali marejesho madogo, na wakikubali tutaomba maandishi. Ahidi kiasi ambacho utakiweza hata katika mwezi mbaya. Usichukue mkopo mpya wa kuunganisha madeni yote kwa sasa, hata ukiitwa nafuu, kwa kuwa ukishalipa, akaunti zako za mikopo ya simu zitakuwa hazina deni tena na tayari kukukopesha upya.

Nikichangia, nitamlipa mdai moja kwa moja na wewe utaona risiti. Najua inaumiza mtu mzima kusimamiwa hivyo. Kama kuna pesa ya ofisini iliyoguswa, niambie mapema tumtafute wakili kabla hujasema lolote kwa mtu mwingine.

Liko jambo moja ambalo hukuliandika, nami nimelihisi katika mstari wako wa mwisho, pale uliposema kwamba familia ingepumua usingekuwepo. Watu wenye uraibu huu wamo katika hatari kubwa ya kujiua kuliko wengine, na madeni huizidisha hatari hiyo. Wazo hilo likikujia, nipigie saa yoyote, hata saa tisa za usiku. Deni huweza kupangwa upya. Wewe hatuna wa kukubadilisha naye.

Jumamosi nitakuwa nyumbani kuanzia asubuhi. Njoo na mkeo, simu zako zote mbili na taarifa za benki za miezi 12. Daftari nimeshanunua.

Kaka yako