Ukuta wa pili wa meli ya mafuta hautoshi peke yake

Ndugu Mhariri,

Kila mafuta yanapomwagika baharini, lawama humwangukia nahodha. Mara nyingi anastahili, lakini naomba nafasi niseme kwamba kiasi cha mafuta kitakachomwagika huwa kimekwisha kuamuliwa kwa sehemu kubwa na aliyeichora meli.

Exxon Valdez ilipopanda mwamba huko Alaska mwezi Machi 1989, kilichotenga shehena na bahari kilikuwa bamba moja tu la chuma, na takriban tani 37,000 zikamwagika. Ndipo Marekani ilipotunga sheria mwaka 1990, na baadaye kanuni za kimataifa zikataka meli kubwa mpya za mafuta ziwe na kuta mbili, zikiachana kwa nafasi inayofikia mita 2 katika meli kubwa zaidi, ili mwamba utoboe ukuta wa nje bila kuyagusa matangi. Hayo ni maendeleo ya kweli.

Ninachohofia ni nafasi hiyo ya katikati. Meli ikirudi bila shehena, humo hujazwa maji ya bahari yawe farumi, yaani uzito wa kuituliza meli, kisha hutolewa. Chuma hulowa na kukauka, huku upande wa pili kukiwa na mafuta ambayo pengine yamepashwa moto, na kutu hupata makao mazuri. Mkaguzi huingia kwa kutambaa, tochi mkononi, akijipenyeza katika matundu ya mbavu za chuma, na mahali asipofika hapakaguliwi. Erika, iliyokatika vipande viwili karibu na pwani ya Ufaransa mwaka 1999, ilikuwa ya ukuta mmoja, lakini kutu katika matangi yake ya farumi ilitajwa miongoni mwa sababu. Kwa hiyo ngazi, matundu mapana na rangi imara ya kuzuia kutu vichorwe tangu mwanzo. Visiachwe viwe mapambo ya kupunguzwa gharama zinapobana.

Tena, kuta mbili haziongozi meli. Amoco Cadiz ilipoteza usukani mwaka 1978 baada ya mitambo yake kuharibika, ikasukumwa hadi miambani, na zaidi ya tani 220,000 zikapotea. Tangu hapo mitambo ya usukani imewekewa akiba, ilhali meli nyingi kubwa bado zinategemea injini moja na rafadha moja, yaani panga moja la kuisukuma meli majini. Kampuni zinazokodi meli hizo ndizo zenye uwezo wa kudai injini ya pili, na zianze kuidai katika mikataba yao.

Wako,
Msomaji