Vilabu vya magari ya spoti vipewe uwanja, visipigwe marufuku

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wasomaji wenzangu ambao kwa majuma kadhaa sasa wamekuwa wakiwahimiza serikali ya kaunti na polisi wa trafiki kupiga marufuku mikutano ya wapenda magari ya spoti hapa Mombasa. Mimi ni mwenyekiti wa klabu moja ya magari hayo, na sikusudii kukana wanayoyalalamikia. Ni kweli kwamba usiku wa kuamkia Jumapili kuna vijana wanaoshindana katika barabara za umma, na ni kweli kwamba ekzosi zao huwaamsha watoto na wagonjwa. Tunachotofautiana ni dawa. Ukiifuta klabu iliyosajiliwa, yenye katiba, orodha ya wanachama na viongozi wanaoweza kuitwa na kuulizwa, hujaliondoa gari hata moja barabarani. Umemwondoa tu yule mtu ambaye kijana mwenye gari alikuwa walau akimsikiliza.

Wengi hudhani kwamba wenye magari haya ni watoto wa matajiri. Katika klabu yetu wamo mafundi wa gereji, walimu, mawakala wa kutoa mizigo bandarini na mzee mmoja mstaafu wa reli, na wengi wao walinunua magari yaliyokwisha kutumika Japani, tena kwa mkopo wa sacco. Yaliyo mengi ni Subaru Impreza WRX na Mitsubishi Lancer Evolution. Zipo pia Toyota Celica chache, pamoja na Mazda MX-5, kale kagari ka viti viwili ambako paa lake hukunjwa. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza nchini gari lililotumika ambalo limezidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo magari ya miaka ya 1990 na ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambayo ndiyo tunayoyaenzi, hayawezi kuagizwa tena. Lililopo likiharibika, limekwenda. Spea zake husakwa Kirinyaga Road jijini Nairobi au huvuliwa katika gari jingine lililokufa, na hewa ya chumvi ya pwani nayo haichoki kula mabati. Mtu aliyehangaika namna hiyo kulifufua gari lake hana hamu ya kulibamiza kwenye mtaro saa nane za usiku. Anayelibamiza, kwa niliyoyaona, ni yule aliyelipata juzi na hana wa kumwelekeza.

Wako pia wanaosema kwamba mapenzi haya ni uigaji wa sinema za ng'ambo, na hapo naona wamewasahau wazee wetu. Mashindano ya magari ya Safari (Safari Rally) yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh aliyashinda mwaka 1965 akiendesha Volvo, kisha mwaka 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya, aliyashinda mara tano, ya kwanza ikiwa mwaka 1973 ndani ya Datsun 240Z, ambalo ni gari la spoti hasa, lenye milango miwili na boneti ndefu, na ambalo lilikuwa limekwisha kushinda mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann. (Porsche, pamoja na sifa zake zote, ilileta magari yake ya 911 mara kadhaa katika miaka hiyo na haikuambulia ushindi, wazee wa klabu yetu hawachoki kuwakumbusha vijana jambo hilo.)

Lakini kinachonifanya niitaje Safari si ushindi. Mashindano hayo yalikuwa yakikimbizwa katika barabara zilizo wazi kwa umma, ambamo dereva angeweza kukutana na lori, baiskeli au kundi la ng'ombe, hata timu kubwa zikawa zinarusha helikopta mbele ya magari yao ili kuwatahadharisha madereva. Baada ya mwaka 2002 yaliondolewa katika ubingwa wa dunia, na yaliporejea mwaka 2021 huko Naivasha yalirejea kwa utaratibu mwingine: njia za mashindano hufungwa, nyingi zikiwa ndani ya mashamba na hifadhi, na hakuna raia anayeingia na gari lake mpaka washindani wamekwisha kupita. Serikali iliyoikubali hoja hiyo kwa mashindano ya dunia inaweza kuikubali, kwa kipimo kidogo sana, kwa ajili ya vijana wa Mombasa.

Kuendesha klabu ya namna hii ni kazi ya makaratasi na ya kugombana na watu unaowapenda. Makaratasi ndiyo mepesi zaidi: Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 iliunda ofisi ya Msajili wa Michezo, na mwenye katiba safi na hesabu zinazoeleweka hapati shida kubwa. Shida imo katika kumchagua mwanachama. Anayetaka kujiunga nasi huleta leseni na bima ambayo haijaisha muda, kisha mafundi wetu hulikagua gari lake, kuanzia breki, matairi na usukani hadi taa, na baada ya hapo huandamana nasi kama mgeni kwa miezi kadhaa kabla ya kupigiwa kura. Hatumuulizi gari lina nguvu za farasi ngapi. Tunamtazama anavyojizuia anapokuwa nyuma ya matatu iliyosimama ghafla katikati ya barabara.

Tunaposafiri kwenda Malindi au Diani, msafara hugawanywa katika vikundi vya magari matano au sita, kwa maana kivuko cha Likoni peke yake chatosha kuutawanya msafara mrefu. Kila kikundi kina kiongozi anayeijua njia na dereva wa mwisho mwenye kamba ya kuvutia, jeki na namba za simu za wote. Ndani ya kikundi hakuna kupitana, mjini mwendo hauzidi kilomita 50 kwa saa kama sheria inavyoagiza, na mahali pa kusubiriana hutajwa kabla ya kuondoka. Kanuni hiyo ya mwisho huonekana ndogo, lakini imetuokoa zaidi kuliko hotuba zote, kwa sababu mwendo wa hatari katika msafara aghalabu hauanzi kwa kiongozi anayejigamba, bali kwa mtu wa nyuma aliyekatwa na taa nyekundu akaogopa kupotea. Akijua kwamba wenzake wanamngoja kwenye kituo fulani cha petroli, hana sababu ya kukimbiza.

Jambo lililotugombanisha zaidi ni ekzosi, nami nalieleza kwa urefu kwa kuwa ndilo linalowaudhi wasomaji. Injini ya Subaru ni ya muundo wa boksa, yaani pistoni zake hulala na kupiga kushoto na kulia badala ya kupanda na kushuka, na katika matoleo mengi yenye turbo, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini ili kuiongezea nguvu, mabomba yanayotoa moshi kwenye injini hayalingani urefu. Hapo ndipo unapozaliwa ule muungurumo wa kudundadunda ambao Mkenya huutambua hata kabla gari halijatokea kwenye kona. Muungurumo huo ni umbile la gari, na ukiwa na sailensa yake kamili, kile kifaa cha kupunguza mlio wa ekzosi, haumkeri mtu aliyelala. Kinachokera ni kukata sailensa, na kibaya zaidi ni kuichezea kompyuta ya injini ili petroli iungulie ndani ya ekzosi na kutoa milio inayofanana na risasi. Milio hiyo haiongezi nguvu hata chembe. Huichosha turbo kabla ya wakati wake, huharibu kifaa cha kusafisha moshi, na huwatia watu hofu katika mji ambao umewahi kusikia milio ya risasi za kweli. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, zinatubana sisi sawasawa na zinavyozibana baa, na hatuna haki ya kudai msamaha.

Kwa hiyo mkutano mkuu wetu uliamua kwamba gari lisilo na sailensa haliingii katika shughuli yoyote ya klabu. Baadhi ya wanachama walituaga kwa hasira, tena wengine wao walikuwa wachangiaji wakubwa, na mweka hazina alilalamika kwa haki. Hawakuyauza magari yao. Waliunda kundi lao la WhatsApp lisilo na katiba wala mwenyekiti, na mahali pa kukutana hutangazwa nusu saa kabla. Naomba wanaotaka tupigwe marufuku waipime hali hiyo: waliotutoka ndio wanaowakosesha usingizi, na waliobaki ndio watakaofutwa, kwa kuwa ndio wenye anwani.

Badala yake, tunaomba lami. Hatuombi uwanja wa mashindano wa mabilioni ya shilingi, wala hatuombi barabara ifungwe. Uko mchezo ambao katika nchi nyingi ndio mlango wa kwanza wa kuingilia michezo ya magari, na unachohitaji ni eneo tupu la lami, mfano wa maegesho makubwa, pamoja na koni za plastiki. Koni hupangwa zifanye njia yenye kona za kushoto na kulia. Gari huingia moja moja na kupimwa kwa saa, na kila koni iliyoangushwa humwongezea dereva sekunde mbili. Karibu njia nzima hupitwa kwa gia ya pili, na ni nadra mwendo kuzidi kilomita 100 kwa saa. Kabla ya kuingia, gari hukaguliwa: nati za magurudumu zimekazwa, betri imefungwa imara, mikeka na kila kitu kinachoweza kuviringika chini ya pedali kimetolewa. Dereva huvaa helmeti, mitungi ya kuzimia moto huwa tayari, ambulensi husimama karibu, na watazamaji hukaa nyuma ya vizuizi, kamwe si kwenye upande wa nje wa kona.

Kijana anayejigamba barabarani huingia humo akidhani ni mchezo wa watoto, na hutoka akiwa ametokwa jasho. Hugundua kwamba gari lake, ambalo magurudumu yote manne husukumwa na injini, huondoka upesi kuliko ya wenzake lakini halisimami upesi kuliko ya wenzake, kwani katika kusimama kila gari hutegemea breki na matairi yake. Hugundua kwamba akikata usukani kwa pupa, pua ya gari hukataa kugeuka na kwenda moja kwa moja. Hugundua pia, na hili humuuma kuliko yote, kwamba mwalimu wa shule ya msingi mwenye MX-5 isiyo na turbo amemshinda kwa sekunde tatu. Kwa uzoefu wetu, anayeshindwa hivyo hurudi kufanya mazoezi, na hamu ya kumwonyesha mtu kitu barabarani humpungua.

Tumejaribu kuandaa siku kama hiyo kwa nguvu zetu. Taasisi moja ilikubali kutukodishia eneo lake, kisha ikajiondoa tukiwa tumekwisha kulipia ambulensi, kwa hofu kwamba mtu akiumia italaumiwa yenyewe. Siwalaumu sana. Bima za kawaida za magari hazilipi madhara yaliyotokea katika mashindano au majaribio ya kasi, hata yakifanyika mahali palipofungwa, na mwenye eneo hana budi kujiuliza nani atabeba mzigo. Ingefaa kampuni za bima zituuzie bima ya siku moja inayomkinga mwenye eneo na watazamaji. Ingefaa pia zitazame upya zinavyowatendea wasema kweli, maana mwanachama anayetangaza kwamba amebadilisha turbo huongezewa malipo au hukataliwa, ilhali aliyenyamaza huendelea na bima ya bei nafuu mpaka siku ajali itakapomuumbua.

Kwa idara ya michezo ya kaunti, ombi letu ni Jumapili moja katika kila miezi mitatu, kuanzia saa moja hadi saa tano asubuhi, katika eneo lolote la lami litakaloteuliwa mbali na makazi, nasi tutalipa ada ya kukodi. Tunaomba pia iwepo ofisi moja ya kutoa kibali, badala ya kuzungushwa kutoka mlango hadi mlango huku kila mmoja akingoja saini ya mwenzake. Shirikisho la michezo ya magari nchini lialikwe kukagua usalama. Kwa polisi, hatuombi upole: Sheria ya Trafiki inakataza mashindano barabarani, na atakayeivunja ashtakiwe, hata akiwa na kibandiko cha klabu yetu kwenye kioo. Tunachoomba ni kwamba wenye makosa watengwe na wasio na makosa, pasiwe na msako unaokusanya kila gari lenye spoila lililoegeshwa Mama Ngina wakati mwenyewe ananunua mahamri na watoto wake.

Wasomaji waliotulalamikia nao wanakaribishwa siku hiyo, na yeyote kati yao aliye na leseni tutamkabidhi helmeti apite kati ya koni kwa gari lake mwenyewe, hata likiwa Probox. Rasimu ya kanuni za usalama, mchoro wa njia na orodha ya vifaa tumekwisha kuviandaa, na nakala zake tutazifikisha katika idara ya michezo ya kaunti na kwa mkuu wa trafiki wa eneo hili juma lijalo.

Wako mwaminifu,
Mwenyekiti wa klabu ya wapenda magari ya spoti,
Mombasa