Harambee ya Uchunguzi wa Kesi ya Ndugu Yetu

Wapendwa katika Bwana,

Tunawaomba mchango wa kugharamia uchunguzi wa kesi ya muumini mwenzetu, anayetumikia kifungo cha maisha kwa mauaji ya miongo kadhaa iliyopita. Hatusemi tayari kwamba hana hatia. Kamati imeusoma mwenendo wa kesi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na yaliyomtia hatiani ni mambo mawili tu: shahidi aliyemwona mtu gizani kwa dakika chache, na maelezo ya kukiri ambayo ndugu yetu aliyakana mara alipofikishwa mahakamani. Kwetu sisi huo ni msingi mwembamba mno kwa adhabu nzito kiasi hicho.

Tunajua wapo wanaouliza, "Kama hakuua, alikiri kwa nini?" Ni swali la haki. Mtu wa kwanza duniani kuondolewa tuhuma za mauaji kwa kipimo cha vinasaba, nchini Uingereza mwaka 1986, alikuwa kijana wa miaka 17 aliyekuwa amekiri. Kipimo kikaonyesha muuaji ni mwingine. Hofu, uchovu na mahojiano ya muda mrefu humfanya mtu atie sahihi asichokifanya.

Tukumbuke pia Iwao Hakamata wa Japani. Alikamatwa mwaka 1966, akahukumiwa kifo mwaka 1968. Zaidi ya mwaka baada ya mauaji, nguo zenye damu zilipatikana ndani ya pipa la miso, yaani soya iliyochachushwa, zikatumika dhidi yake. Dada yake Hideko hakumwacha. Waliowaunga mkono walitumbukiza nguo zenye damu kwenye miso wakaona damu inageuka nyeusi, ilhali ile ya kwenye kielelezo ilikuwa bado na wekundu. Watu wa kawaida ndio walioanza jaribio hilo, na likawa na uzito mbele ya majaji. Septemba 2024 mahakama iliamua kwamba hana hatia, ikasema ushahidi ulibuniwa. Alikuwa na miaka 88.

Kwa kesi yetu, kielelezo kinachoweza kutupa jibu ni shati lenye damu. Kesi iliposikilizwa, shati hilo halikupimwa vinasaba. Fedha zenu zitalipia kipimo katika maabara inayojitegemea, nakala zilizothibitishwa za jalada, nauli za kuwafuata mashahidi ambao bado wako hai na kuandikisha hati zao za kiapo, pamoja na wakili wa kuomba mapitio. Wakili amepunguza sana ada yake, Mungu ambariki.

Familia ya marehemu tunaiombea kila juma, na tumeitumia wazee kuieleza nia yetu kabla ya kutoa tangazo hili. Wao pia wanastahili kujua nani hasa alimuua mtoto wao. Kipimo kikionyesha kwamba ndugu yetu ndiye, tutawasomea majibu hayo madhabahuni bila kuficha neno, na salio litarudishwa kwenye mfuko wa jumuiya.

Kadi za ahadi ziko kwa mweka hazina, na kila atakayetoa apewe stakabadhi. Asiye na fedha lakini anayekumbuka lolote la usiku ule, tafadhali aje azungumze na wakili, atasikilizwa faraghani. Ombi la kwanza litakalopelekwa mahakamani ni la kuzuia shati lile lisiteketezwe pamoja na vielelezo vingine vya zamani, na wakili anasubiri malipo ya awali tu ili aliwasilishe.