Kabla hujachora, fuata maji

Mwanangu mpendwa,

Nimesoma ujumbe wako kwamba unataka usanifu majengo, tena tawi la kuhifadhi majengo ya kale. Unasema unafanya mazoezi ya kuchora kila siku. Vyema, ila katika tawi hili mkono hodari wa kuchora haukufikishi mbali kama hujui maji yanaingia wapi na yanatokea wapi.

Ukiitwa kwenye jengo, watu watakukimbiza kwenye ufa. Wewe anzia juu: paa, mifereji ya mvua, kisha shuka na ukuta hadi chini. Mara nyingi utakuta ardhi ya nje imepanda kwa miaka mingi mpaka imeipita sakafu ya ndani, na ukuta unanyonya unyevu kama utambi. Ndipo upime. Kila chumba kipime pia kutoka pembe hadi pembe, maana vyumba vya zamani ni nadra kuwa na pembe mraba. Ufa uwekee alama pande zote mbili, usome kila mwezi kwa mwaka mzima. Unaofunguka na kujifunga kwa majira si wa kutisha sana. Unaozidi kupanuka tu ndio wa kuitia mhandisi.

Sasa saruji. Ile ya Portland, yaani saruji ya kawaida ya leo, ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824, kwa hiyo kuta za kabla ya hapo zilijengwa kwa chokaa au udongo. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu unaingia kwenye vijufa vidogo na hauna pa kutokea. Chumvi inaganda nyuma ya lipu, jiwe linageuka unga, halafu lipu inabanduka na uso wa jiwe. Udongo wa kuunganishia mawe lazima uwe laini kuliko jiwe, ili ukichakaa uchakae wenyewe.

Kujaza upya viungo, yaani nafasi kati ya mawe: kwangua udongo wa zamani kwa patasi, kina mara mbili ya upana wa kiungo. Mashine ya kukatia usiiruhusu, inakula kingo za mawe. Lowesha. Changanya chokaa laini iliyokaa chini ya maji angalau miezi 3, sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu, kwa kuwa chokaa hujaza nafasi kati ya chembe za mchanga, nazo ni kama theluthi yake. Mchanga uwe mkali, yaani wenye chembe za pembe kali, usio na chumvi. Maji yakizidi, mchanganyiko utasinyaa na kupasuka. Kisha funika kwa magunia mabichi siku kadhaa: chokaa hushika kwa kuvuta kaboni dayoksaidi ya hewani, na haiwezi kama imekauka. Jua likiiwahi, utaifuta kwa kidole.

Soma Mkataba wa Venice wa 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale. Unasema urejeshaji ukome pale kubahatisha kunapoanza, na kipande kipya kitambulike. Wateja hawapendi kusikia hivyo. Wanataka jengo lionekane jipya na la kale kwa pamoja! Andika kila uamuzi na sababu yake, na piga picha kabla na baada.

Shahada na usajili vitakula miaka, kisha yaja masomo ya uhifadhi. Lakini kabla ya kujaza fomu, kaa wiki mbili na fundi wa chokaa. Vaa miwani ya kukinga macho, na chokaa mbichi, yaani iliyochomwa na haijaguswa na maji, itie ndani ya maji, kidogo kidogo. Usimwagie maji juu yake. Inachemka na kuruka.

Mzazi wako