Mrudishe mtoto kwenye ziwa la mama

Ujiji, Jumapili usiku

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Simu ilikatika kabla sijamaliza, na tangu hapo sijapata usingizi. Naandika ili jirani anayepanda treni kesho akuletee barua hii pamoja na kidumu cha mawese.

Ulisema ziwa la kushoto limevimba na kuwa jekundu, ukapata homa, ukaandikiwa amoksilini. Sawa. Ila ukasema jirani kakwambia maziwa yameingia sumu, ukamwachisha mtoto mpaka dozi iishe. Hapo ndipo ulipokosea, mwanangu. Mrudishe kwenye ziwa leo.

Amoksilini ni dawa ileile wanayopewa watoto wachanga wenyewe wakiugua nimonia. Inayopita kwenye maziwa yako ni chembe, kidogo mno kuliko dozi ambayo angepewa yeye angekuwa mgonjwa. Wala usikamue ukamwaga, ni riziki yake hiyo. Maziwa ya ziwa lililovimba nayo hayamdhuru. Anayedhurika ni wewe usiponyonyesha, maana maziwa yakikwama humo uvimbe unazidi, na linaweza kuwa jipu la kupasuliwa.

Kaka yako alipokuwa na miezi miwili niliugua, na aliyeniuzia dawa akanikataza kunyonyesha siku saba. Nikamkorogea maziwa ya kopo kwa maji ya kisima. Siku ya tano akaharisha, macho yakadidimia, utosi ukabonyea. Usiku kucha wodini nilikuwa namnywesha maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, nahesabu pumzi zake. Alipona, alhamdulillah, lakini maziwa yangu hayakurudi kama mwanzo. Hili sijawahi kukusimulia.

Wako ana wiki tatu tu. Muweke kifuani kila anapotaka, usiku na mchana, hata kama mwanzoni utaona hayatoki. Maziwa huitwa na mdomo wa mtoto. Akishashiba, weka kitambaa cha maji baridi kwenye uvimbe. Mama mkwe wako atataka kulikanda kwa maji ya moto, tena kwa nguvu. Mpokee kwa adabu, ila mwombe asilikande, kwa sababu kuminya kunaongeza uvimbe. Kwa maumivu, parasetamoli inafaa kwa anayenyonyesha.

Mtoto anaweza kupata choo chepesi kidogo, hilo lisikutishe. Ukiona utando mweupe mdomoni usiofutika, mpeleke kliniki. Akiharisha sana, akitoa choo chenye damu, akivimba uso au akikataa kunyonya, usingoje kukuche.

Sisemi kila dawa ni salama. Septrin haimfai mama wa mtoto aliye chini ya mwezi mmoja, hasa mtoto akiwa na manjano au amezaliwa njiti. Kloramfenikoli nayo ikatae. Kwa hiyo kokote utakakopewa dawa, tangulia kusema: "Nanyonyesha, mtoto wangu ana wiki tatu." Usione haya kulirudia mpaka wakusikie. Na vidonge vyako usimgawie mtu, umalize dozi yote hata homa ikitulia kesho.

Lakini siku mbili zikipita homa iko palepale, au ukigusa pale pekundu ukakuta kinundu kigumu, nenda hospitali ya Kitete wakuangalie. Huenda ni jipu tayari, au dawa inatakiwa kubadilishwa. Hata hapo uliza utanyonyesha vipi, usikubali kuambiwa "acha" bila kuelezwa sababu.

Dagaa nimewanunua Kibirizi asubuhi, wamekauka vizuri. Wapike kwa mawese na ule ushibe, usile kama mtu aliye safarini.

Mtoto akishanyonya nipigie, hata ikiwa saa nane za usiku. Simu nimeiweka chini ya mto.

Mama yako