Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo wa jimbo la Haut-Katanga: mahindi ya OGM yaanzie kwenye jaribio la Kipopo

Lubumbashi

Mheshimiwa Waziri,

Mvua ziko karibu, na swali la kila msimu limerudi kwa wakulima wa barabara ya Kasenga. Nigeria iliruhusu mahindi ya OGM, yaani yaliyobadilishwa jeni, yanayojikinga na viwavijeshi Januari 2024. Sisi tunangoja nini? Wengine wanajibu kwa ukali kwamba OGM ni sumu, isikanyage Katanga. Kila upande unakudai neno moja, ndiyo au hapana. Nakusihi usitoe lolote kati ya hayo mwaka huu, ila usikae kimya pia.

Wenye haraka nawaelewa. Kiwavijeshi huyu wa kutoka Amerika alionekana Afrika Magharibi mwanzoni mwa 2016, na mwaka haukuisha kabla hajaingia Kongo. Nondo wake anaweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja. Mkulima akimkuta ndani ya moyo wa mhindi, anakimbilia sokoni kununua dawa ya kupuliza, mara nyingine imemiminwa kwenye chupa ya maji isiyo na maelezo yoyote. Anapuliza mikono mitupu, pua wazi, na mboga za nyumbani ziko palepale kando. Anayetuambia tungoje kwa sababu ya usalama aiweke na dawa hiyo kwenye hesabu yake. Aweke pia mwaka 2024, Zambia ilipotangaza janga la ukame na sisi huku tukaanza kuitazama meka ya unga, kipimo chetu cha sokoni, kwa hofu.

Lakini wenye haraka nao hutusimulia nusu ya habari. Husema Afrika Kusini inalima mahindi ya Bt (OGM yenye jeni ya bakteria inayotengeneza sumu ya kuua funza) tangu 1998, na watu wanayala bila kudhurika. Ni kweli, na unga wa huko nasi tumeusongea bukari, ugali wetu. Kinachoachwa ni kwamba kufikia 2007 watafiti walikuwa wameshatoa taarifa kuhusu funza wa bua aliyezoea sumu ya mahindi hayo. Kila mkulima alitakiwa atenge sehemu ya shamba apande mahindi ya kawaida, asilimia 5 bila kupuliza dawa au asilimia 20 akipuliza, ili funza wasioizoea sumu wabaki na wachanganye uzazi na wale walioizoea. Wengi hawakutenga. Ikabidi ije mbegu nyingine yenye jeni mbili badala ya moja. Puerto Rico ndiko kiwavijeshi mwenyewe, huyuhuyu wetu, alikoyashinda mahindi ya jeni moja yaliyoanza kupandwa mwaka 2003. Miaka michache tu ilimtosha. Sasa nani atakayepita Kipushi kupima asilimia 5 ya shamba la nusu hekta?

Burkina Faso ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Walianza kulima pamba ya Bt kwa biashara mwaka 2008. Viwavi walipungua kweli, na wakulima walifurahi. Lakini nyuzi zilitoka fupi kuliko za pamba yao ya zamani, bei ikaharibika, na kufikia 2016 kampuni za pamba zilikuwa zinarudi kwenye mbegu ya kawaida. Jeni ilifanya kazi yake. Mbegu iliyoibeba ndiyo haikujaribiwa vya kutosha katika jambo lililowapa fedha. Kwetu jambo hilo ni unga: mahindi yanatoa unga kiasi gani kinuni, yanakaa ghalani muda gani, na bukari yake inashikana au inalegea. (Wataalamu hucheka nikitaja bukari. Mama wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, hatacheka.)

Ninachoomba, Mheshimiwa, ni jaribio. Ruhusa ni ya Kinshasa, najua, lakini ombi linaweza kutoka jimboni. INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, ina kituo Kipopo, karibu na Lubumbashi, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha kilimo. Shamba dogo lililofungwa, mbali na mashamba ya watu kwa sababu upepo hubeba chavua, misimu miwili au mitatu, kwa mbegu ya jeni mbili tu. Pembeni yake zijaribiwe njia nyingine pia, wakiwemo nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya kiwavijeshi. Huenda wakatosha; sitaki tuinunue mbegu kila mwaka kama hatuihitaji.

Wakati huohuo, Kasumbalesa, mpakani na Zambia, haingoji. Punje ikipita hapo kama chakula, kesho inaweza kufukiwa kama mbegu, kwani mkulima asiye na fedha hupanda anachopata. Katika njaa ya 2002 Zambia ilikataa kabisa msaada wa mahindi ya OGM, ilhali Malawi, Zimbabwe na Msumbiji ziliyataka yasagwe kwanza. Sisi tufuate hao wa pili: mahindi ya nchi zinazolima OGM yaingie yakiwa unga, au yaende moja kwa moja kinuni yakiwa chini ya lakiri ya forodha. Wenye vinu watalalamika. Wasikilizwe kuhusu utaratibu na gharama, siyo kuhusu kanuni yenyewe.

Matokeo ya Kipopo yakitoka, yasomwe kwa Kiswahili, tena huku Kasenga kabla ya kupelekwa kwenye semina za hotelini. Na bei ya mbegu itajwe siku hiyohiyo.

Wako kwa heshima,
Mkulima wa mahindi, barabara ya Kasenga