Kadi ya Inchi 3 kwa 5: Barua kwa Vijana Wetu Walioingia Futiboli ya Shule za Kikatoliki Marekani

Wanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Na ninyi Waislamu mliomo katika shule hizi, asalaam aleikum. Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba.

Naandika kwa ninyi mnaosema Kiswahili nyumbani, mliotoka Bukavu, Kigoma, Mombasa au kambini Nyarugusu, ambao mwaka huu mmepata nafasi katika sekondari ya Kikatoliki hapa Marekani na majina yenu yameingia kwenye orodha ya futiboli. Sisemi kandanda. Nasema ile ya mpira wenye umbo la yai, kofia ngumu, uwanja wa yadi 100 na dakika 48 zilizokatwa vipande 4. Mmekuta kabati la vikombe mlangoni, picha za timu za zamani ukutani, na mtu amewaambia kwa sauti nzito kwamba hapa pana mapokeo. Yanabebwaje, hajasema.

Kwanza mjue mmeingia nyumba ya nani. Wakatoliki wengi walifika nchi hii wakiwa wahamiaji maskini, Waayalandi, Wapolandi, Waitalia, na hawakupendwa. Mwaka 1922 wapiga kura wa Oregon walipitisha sheria ya kulazimisha watoto wasome shule za serikali tu. Mahakama Kuu ya Marekani iliibatilisha mwaka 1925, kabla haijaanza kutumika. Katika hali hiyo, shule ya Kikatoliki ikishinda uwanjani ilikuwa imesema neno ambalo padre hakuweza kulisema mimbarini. Ndiyo maana Chicago, mwaka 1937, bingwa wa shule za Kikatoliki alipokutana na bingwa wa shule za serikali katika uwanja wa Soldier Field, watu waliojaa walikadiriwa kufika 120,000, kwa mechi ya wanafunzi wa sekondari. Wakatoliki walikuwa shule ya Leo (jina la Papa Leo wa 13, si leo ya leo na kesho). Wakachapwa 26 kwa 0 na Austin. Kwa hiyo mkisikia mtu anasema mapokeo haya yamejengwa kwa ushindi, mwacheni aseme.

Hata lugha ya mchezo wenyewe ina harufu ya uvumba. Ile pasi ndefu ya kukata tamaa, inayorushwa dakika ya mwisho kwa kubahatisha, inaitwa Salamu Maria. Watu wa Notre Dame, chuo kikuu cha Kikatoliki, walilitumia jina hilo tangu zamani, lakini aliyelisambaza ni Roger Staubach, kwotabeki (mchezaji anayeanzisha kila mchezo na kurusha pasi), mtoto wa shule ya Kikatoliki ya Purcell, Cincinnati. Tarehe 28 Desemba 1975 aliirushia timu yake ya Dallas pasi ya yadi 50 iliyowaua wapinzani wao wa Minnesota, kisha akasema alifumba macho na kusali Salamu Maria. Bibi zenu wangemwambia sala hiyo haina haja ya kungoja dakika ya mwisho.

Sasa nije kwenye shule ninayotaka muitazame kwa makini: De La Salle, mjini Concord, California. Ilifunguliwa mwaka 1965 na Mabruda wa Shule za Kikristo, shirika la Mtakatifu Yohane Mbatizaji wa La Salle, Mfaransa wa Reims aliyefariki mwaka 1719 na ambaye Papa Pius wa 12 alimtangaza msimamizi wa walimu mwaka 1950. Katika shule za Mabruda hao mtasikia sala ikifungwa hivi: mmoja anasema Yesu aishi mioyoni mwetu, wote wanajibu Milele. Mliolelewa na Tumsifu Yesu Kristo hamtapata shida hapo.

Timu yao haikuwahi kumaliza msimu ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo mpaka mwaka 1979, alipokuja kocha Bob Ladouceur, kijana wa miaka 25, mwalimu wa dini. Alipostaafu mwanzoni mwa 2013 alikuwa ameshinda mechi 399, amepoteza 25 na kutoka sare 3. Katikati yake kuna kile mtakachoonyeshwa kila mahali: ushindi 151 mfululizo, kuanzia 1992 hadi 2003, misimu 12 bila kupoteza. Rekodi iliyokuwapo ilikuwa mechi 72, ya shule ya Hudson ya Michigan.

Ukitaka kujua siri, usianzie kwenye namba. Anzia kwenye karatasi. Kila wiki kila mchezaji aliandika kadi ya ahadi. Kadi ndogo ya kawaida, ya inchi 3 kwa 5, yenye mambo matatu: atafanya nini mazoezini, atafanya nini kwenye chumba cha kunyanyulia vyuma, atafanya nini kwenye mechi. Usiku mmoja kabla ya mechi timu ilikaa pamoja, mtu akasimama mbele ya wenzake, akaisoma, akamkabidhi mwenzake mmoja. Huyo mwenzake alikaa na kadi wiki nzima, na kazi yake ilikuwa kuuliza. Deni lilikuwa kwa mwenzako, si kwa kocha.

Shule nyingi za Kikatoliki zimeiga kadi hii, na nyingi zimeiharibu. Huharibika kwa njia tatu. Ya kwanza ni ahadi isiyopimika. "Nitajitahidi" si ahadi, ni salamu. Ya pili ni ahadi iliyo mikononi mwa mtu mwingine: ukiandika "nitafunga tachidauni 2" (kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) umeahidi kazi ya kwotabeki, ya wanaokufungulia njia na ya mwito wa kocha. Ya tatu ndiyo mbaya zaidi kwetu sisi: kumpa kadi rafiki wa damu ambaye hawezi kukutazama usoni akakwambia hukutimiza. Sisi tunaheshimiana sana, na heshima hiyo ikikaa vibaya inageuka kuficha. Mpe mtu wa nafasi yako, anayekuona kila zamu, hata kama hamli chakula meza moja.

Kadi ya mtu wa mstari wa mbele inaweza kusomeka hivi. Mazoezini: hatua yangu ya kwanza haitazidi inchi 6, na bega langu litakuwa chini ya bega la mpinzani katika marudio 10 ya kwanza ya kila zoezi la kusukumana. Chumba cha vyuma: siku 3, seti 5 za kuchuchumaa na chuma, marudio 5 kila seti, kilo 2.5 zaidi ya wiki iliyopita. Mechi: nitakuwa nimesimama mahali pangu kabla ya kwotabeki kuanza kuhesabu, kila mchezo, robo zote 4. Ona kwamba hakuna hata mstari mmoja unaotegemea mpinzani awe dhaifu.

Kwa nini hatua ya inchi 6? Hapo mapokeo yanakutana na ufundi. De La Salle walicheza mfumo unaoitwa viya, uliobuniwa na Bill Yeoman katika chuo kikuu cha Houston miaka ya 1960. Mara nyingi vijana wao wa mstari walikuwa wadogo kuliko wapinzani, na mfumo huu unamfaa mdogo. Mstari unamwacha makusudi mlinzi mmoja bila kumgusa, hivyo wanabaki watu wa kwenda wawili kwa mmoja mahali pengine. Kwotabeki anauweka mpira tumboni mwa mkimbiaji wa kwanza bila kuuachia, macho yake yako kwa yule mlinzi aliyeachwa. Mlinzi akimvaa mkimbiaji, kwotabeki anauchomoa mpira na kwenda pembeni. Mlinzi akibaki kumsubiri yeye, mpira unaachwa palepale tumboni. Huko pembeni yupo mlinzi wa pili. Akimjia kwotabeki, mpira unarushwa kwa mkimbiaji mwingine anayekimbia naye sambamba, yadi 4 au 5 kwa nje.

Unaharibika wapi? Kwenye tumbo. Mkimbiaji akikumbatia mpira kabla haujaachwa, kwotabeki anavuta huku yeye anabana, na mpira unaanguka chini. Kwotabeki akiutazama mpira badala ya mlinzi, hasomi kitu, anabahatisha. Na mtu wa mstari akichukua hatua ndefu, anasimama wima. Akisimama wima, mzito anamrudisha ndani ya njia ya wakimbiaji wake mwenyewe. Marudio ya viya ni mengi na yanachosha, na kijana asiye na ahadi kwa mtu fulani huanza kudanganya kwenye marudio ya 30. Kadi ilikuwa ya marudio ya 30.

Kuna desturi moja yao ambayo kwenu itakuwa nyepesi. Timu ya De La Salle huingia uwanjani wawili wawili, wameshikana mikono, polepole. Vijana wa Kimarekani hukua wakifundishwa kwamba wanaume hawashikani mikono, kwa hiyo kwao ni mtihani. Kwetu wanaume wawili wakitembea njiani wameshikana mikono si habari. Mkiwa kwenye timu yenye desturi kama hiyo, mtangulieni mwenzenu anayeona haya.

Mfululizo ulikatika tarehe 4 Septemba 2004 mjini Seattle, 39 kwa 20, mbele ya Bellevue, timu iliyokuja na mchezo wa kukimbia na mpira kwa hila na hatua fupi. Walipigwa kwa dawa yao wenyewe. Kadi ziliendelea, na kaskazini mwa California hawakupoteza kwa yeyote mpaka 2021, walipofungwa 31 kwa 28 na St. Francis ya Mountain View.

Na msidhani mapokeo hubebeka kwenye sanduku. Kocha Gerry Faust aliipa Moeller, sekondari ya Kikatoliki ya Cincinnati, ubingwa wa jimbo mara 5, akisali Salamu Maria na vijana wake, mtu mwema kabisa. Mwaka 1981 Notre Dame ilimchukua moja kwa moja kutoka sekondari. Miaka 5: ushindi 30, vipigo 26, sare 1. Sala zilikuwa zilezile. Nyumba ilikuwa nyingine, na miaka ya kuijenga hakuwa nayo.

Basi, mambo ya mikono.

Kofia: ukingo wa mbele ukae upana wa vidole viwili juu ya nyusi. Funga kamba zote 4 za kidevu, kisha mwenzako aishike kofia aizungushe. Ngozi ya paji la uso inapaswa kwenda pamoja nayo. Ikizunguka peke yake ni kubwa. Ukisuka nywele baada ya kupimwa, rudi upimwe tena. Hili ndilo wengi wenu mnalisahau. Tazama tarehe ndani ya kofia: iliyopita miaka 10 irudishe, usione haya. Chini vaa vipande 7 vya kinga: nyonga 2, mkia, mapaja 2, magoti 2.

Joto la Agosti halijali kwamba umezaliwa Tanga. Mwili unahitaji kama siku 14 kuzoea kukimbia ukiwa ndani ya plastiki, na ndiyo maana siku za mwanzo mnavaa kofia tu, kisha kinga za mabega, na vifaa vyote vinakuja mwisho. Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka au kuyumba, azamishwe kwenye pipa la maji ya barafu hapohapo wakati ambulensi inaitwa. Kupozwa kunatangulia kusafirishwa.

Kichwa: ukigongwa ukaona ukungu, kichefuchefu, au umesahau mchezo uliopita, toka. California, kwa mfano, kijana aliyethibitishwa na mtikisiko wa ubongo harudi kamili kabla ya siku 7, na mazoezi ya kugongana kikamilifu hayazidi 2 kwa wiki, dakika 90 kwa siku. Kuficha maumivu kwa ajili ya timu si ujasiri wa Kikristo. Mtakatifu Sebastiani wa kwenye medali hakujipiga mishale mwenyewe.

Umri: wengi wenu mna tarehe ya 1 Januari kwenye karatasi za ukimbizi, na baadhi zina miaka ya kubahatisha. California haimruhusu aliyetimiza miaka 19 kabla ya tarehe 15 Juni kucheza katika mwaka wa shule unaofuata; majimbo mengine yana tarehe zao. Peleka hati kwa mkurugenzi wa michezo mapema, kabla ya Julai. Ikigundulika katikati ya msimu, timu nzima inaweza kunyang'anywa ushindi wake. Na mtu akiwaambia wazazi kwamba ada imefutwa kwa sababu unakimbia vizuri, kimbia vizuri zaidi, umkimbie yeye. Msaada wa ada hutolewa kwa uhitaji. Kuununua mguu wa mtoto wa sekondari ni kosa ambalo adhabu yake inamwangukia mtoto.

Misa ya kabla ya mechi: asiye Mkatoliki anakaa kwa heshima, anasimama wenzake wakisimama, na wakati wa komunyo anabaki kwenye benchi au anapita amekunja mikono kifuani apewe baraka. Hakuna atakayekukasirikia.

Mwisho ni akina mama. Zamu ya kulisha timu itafika nyumbani kwenu, na mama atauliza apike nini. Pilau, mwambieni, bila wasiwasi. Kwa vijana 50: mchele kilo 7 na nusu, nyama kilo 10, vitunguu kilo 3, lakini mafuta nusu ya yale ya harusini na pilipili ikae pembeni, maana kuna matumbo pale hayajawahi kuonana na iliki, na kesho yake yanatakiwa kukimbia. Kachumbari nyingi. Maji, soda hapana. Chakula kiwe mezani kabla ya saa 1 jioni, ili sahani zikiondolewa muda wa kadi ubaki. Pakiti ya kadi 100 weka mezani, na kalamu za wino mweusi zisizopungua 10, kwa sababu wote watasema wamesahau zao.

Mzee wenu.